Kadi Zimeshasambazwa

Risasi ya kwanza ilimpata Mzee Sanga, mlinzi wa kituo, getini, kikombe cha uji kingali mkononi mwake. Atuganile aliona kwenye kioo cha kamera jinsi mzee alivyokaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, kisha akalala ubavu na uji ukamwagikia koti lake. Waliompiga waliruka juu ya miguu yake wakaingia ndani ya kituo. Walikuwa kama thelathini, na wote walivaa kitenge cha aina moja, manjano na zambarau, kilichochapwa picha ya kipanga aliyetanua mabawa. Nguo zilikuwa zimeshonwa vizuri na kupigwa pasi. Watu walikuja kuua wamevaa sare za sherehe.

"Hao ni kamati," alisema Ambakisye, mwendesha sahani ya mawasiliano, mwanamume wa makamo ambaye sauti yake haikuwahi kupanda hata alipokuwa na hasira.

"Naona."

"Na shemeji yako yuko mbele."

"Na yeye namwona. Funga mlango."

Ambakisye alizungusha gurudumu la mlango wa chuma mpaka makomeo yakaingia ukutani. Kwenye kamera waliwaona wale watu wakimburuta mpishi nje ya jiko na kumpiga kwa kitako cha bunduki hata akaacha kujikinga. Wengine walikuwa wakivunja madirisha ya bweni. Bweni halikuwa na kitu walichokitaka. Walivunja kwa sababu wamekwisha kuua mtu mmoja, na mkono ukishaanza kazi hiyo hauishiwi hamu haraka.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa zamani. Watu wa nchi hii walipoamua kwenda angani hawakwenda kwa kodi wala kwa mkopo. Walikwenda kwa njia waliyoijua: waliunda kamati. Kukawa na mwenyekiti, mweka hazina, kamati ndogo ya vinywaji, kamati ndogo ya mapambo, na kadi za mchango zilizofika mpaka kwa fundi viatu. Mchangaji hupenda kukiona alichokichangia, kwa hiyo fedha yote iliingia kwenye vinavyoonekana: chombo kirefu, rangi ya kung'aa, matarumbeta, hema la wageni rasmi. Ile mashine ya kufikiri, inayokokotoa injini iwake lini na izimwe lini, haitoki kwenye picha. Basi vyombo vya kamati viliruka bila ubongo. Ubongo ulibaki chini, mmoja tu, hapo Kitulo kwenye uwanda wa baridi, ukavifikiria vyombo vyote kutoka mbali na kuvitumia namba kwa sahani kubwa zilizotazama juu. Sahani zilikuwa tatu. Mbili zilikwisha kufa.

Na zilikufa kwa desturi. Shughuli ikiisha, kamati huvunjwa: watu hukaa, hula pilau, husomewa mapato na matumizi, hupigiana makofi, kila mtu akashika njia yake. Kamati ya chombo kilichoitwa Korongo ilivunjwa Korongo mwenyewe akiwa hajaupita hata mwezi, na ndani yake wamo watu watatu wenye safari ya miaka saba ya kwenda Mirihi na kurudi. Baada ya pilau hakuna aliyewakumbuka. Watu huchangia harusi. Ndoa kila mtu na yake. Atuganile na wenzake walianza kulima viazi nyuma ya sahani ili wapate kula, na mtu mmoja mwenye utani akaandika kwa rangi juu ya mlango wa jiko: Aliye juu mngoje chini. Walimngoja. Mumewe Atuganile, Ipyana, alikuwa mmoja wa wale watatu.

Leo Korongo alikuwa anarudi. Alikuja kwa kasi ambayo hakuna chombo kinachoweza kusimama nayo kisipofunga breki, na breki hiyo ilihitaji namba kutoka Kitulo mfululizo, bila sahani kupepesa jicho. Akiikosa angeipita dunia, na hakukuwa na chombo cha kumfuata. Siku hiyo hiyo ndiyo ambayo kamati mpya ilikuwa imeipanga kumrusha Kipanga, chombo chake, kutoka uwanja wa Rukwa.

Atuganile alikwenda mwenyewe mpaka Mbeya kumwomba mwenyekiti asogeze tarehe. Mwenyekiti alikuwa Gwakisa, mdogo wake Ipyana, tumbo moja. Gwakisa alimkaribisha, akamwagizia soda, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," alisema, "kadi zimeshasambazwa."

"Nakuomba siku mbili."

"Ng'ombe wameshanunuliwa. Hema limelipiwa kwa tarehe hiyo. Wageni rasmi wamepanga safari zao. Nitamwambia nani kwamba harusi imeahirishwa? Si watasema tumefilisika."

"Sahani haitageuka, Gwakisa. Nakwambia mapema."

"Tutaona," alisema, akamsindikiza mpaka nje.

Sasa ndiyo walikuwa wakiona.

Simu ya mlangoni ililia. "Shemeji, nifungulie," ilikuwa sauti ya Gwakisa, tulivu, ya mtu aliyezoea kuongoza vikao. "Niingie peke yangu tuzungumze kama ndugu."

"Umemuua Mzee Sanga."

"Vijana wamepaniki. Hilo nitalishughulikia. Nifungulie. Aliye ndani ya Korongo ni kaka yangu, tumelala kitanda kimoja mpaka nimeota ndevu. Unadhani mimi sina uchungu naye?"

Ambakisye alimtikisia kichwa. Atuganile alimwona, akamwelewa, na bado akafungua. Angekuwa mtu baki angemwacha huko huko nje. Lakini huyu ndiye aliyeubeba mkeka wake siku alipoolewa, ndiye aliyemletea maziwa alipougua, na binadamu hajui kumfungia shemeji mlango. Ujinga huo umeua watu wengi kuliko malaria.

Gwakisa aliingia, na Ambakisye akazungusha gurudumu nyuma yake. Mgeni aliinamia redio ndogo iliyoning'inia kifuani akasema, "Nimeshaingia. Sahani ni yetu." Atuganile alidhani anasema na watu wake wa nje. Kisha mkono wa Gwakisa ukazama chini ya kitenge ukatoka na bastola.

"Geuza sahani," alimwambia Ambakisye.

"Siwezi, mzee. Korongo anaanza kufunga breki sasa hivi."

Gwakisa alimpiga risasi ya tumbo. Ambakisye alisogea hatua moja nyuma, akateleza ukutani mpaka akakaa chini ya usukani wa sahani, mikono miwili tumboni, akiyatazama maji mekundu yanavyopita katikati ya vidole vyake kama mtu asiyeamini kwamba ni ya kwake.

Shoka la zimamoto lilikuwa ukutani. Atuganile hakukumbuka baadaye jinsi alivyolitoa. Alikumbuka uzito wake, na jinsi Gwakisa alivyoanza kugeuka, na mlio wa mfupa wa bega, mdogo kuliko alivyotarajia, kama mtu anavunja muwa. Bastola ilianguka. Gwakisa naye alianguka, na sauti iliyomtoka haikuwa tena ya kuongoza kikao. Atuganile aliliacha shoka lilipokwama, akaokota bastola.

"Ukinyanyuka nakuua," alisema. "Haki ya Mungu, Gwakisa, nakuua."

Nje walisikia mlio wa risasi na yowe la mwenyekiti wao. Walianza kuupiga mlango, kisha wakaleta grenda, na jiwe lake la kukatia likaanza kulia kwenye chuma. Mlango huo ulijengwa enzi kamati ya Korongo ingali na fedha, na ulikuwa mnene. Cheche chache zilianza kuchungulia pembeni mwa komeo la juu.

"Kitulo, hapa Korongo," redio ilisema kwa sauti ya Ipyana. "Atu, upo?"

"Nipo."

"Tuko tayari huku."

Atuganile aliuruhusu ubongo, na namba zikaanza kupanda. Kwenye kioo, mstari mwembamba uliokuwa ukikwea ulisita, ukainama. Injini ya Korongo ilikuwa imewaka. Atuganile aliruka juu ya miguu ya Gwakisa akapiga magoti kando ya Ambakisye, akakunja koti lake mwenyewe na kulikandamiza tumboni mwake. Damu ililoa koti mara moja. Alijua maana yake, na Ambakisye alijua.

Ndipo redio iliyo kifuani mwa Gwakisa ilipopasuka kwa matarumbeta.

Ilikuwa Rukwa. Mshereheshaji alikuwa akihesabu kwa sauti iliyokauka, akirudi nyuma kutoka kumi, na umati ukimwitikia. Alipofika moja, vigelegele vilipanda, kisha mngurumo ukameza kila kitu. Baada ya muda mngurumo huo huo uliwafikia Kitulo kupitia ardhini, na vikombe mezani vikagongana.

Atuganile aligeuka. "Umewaambia warushe."

Gwakisa alikuwa amejiegemeza kwenye kabati, uso umekuwa wa majivu. "Walikuwa wanangoja neno langu. Nikasema sahani ni yetu."

"Ulikuwa hujaipata."

"Wageni wamekaa juani tangu asubuhi, shemeji. Nilijua nikishakuwa ndani utakubali. Nilijua." Alianza kulia bila kujificha. "Geuza. Tafadhali."

Atuganile hakuhitaji kuelezwa. Kipanga angepanda kutoka Rukwa, apite juu ya vichwa vyao kuelekea mashariki, na injini ya kwanza ingeishiwa mafuta akiwa bado hajafika mahali pa kukaa. Ya pili ingewaka kwa namba za Kitulo, au isingewaka kabisa. Antena ndogo ya juu ya paa ingeweza kumsikia lakini haikuwa na nguvu ya kumjibu. Sahani ndiyo iliyojibu, na sahani ilikuwa moja, nzito kama nyumba, na kuigeuza kulichukua muda wa kusonga ugali. Ukiigeuza huna nafasi ya kuirudisha.

"Nani wamo?" aliuliza.

"Kumi na wawili."

"Nimekuuliza nani."

Gwakisa alifumba macho. "Binti yangu Subilaga yumo."

"Uliniambia Subilaga yuko akiba."

"Mmoja aliugua. Wakampandisha juzi. Nilifurahi, shemeji. Niliwaita majirani."

Sauti ya msichana ilijaa chumbani kutoka kwenye antena ya paa, changamfu, yenye kutetemeka kwa sababu chombo kizima kilikuwa kinatetemeka. "Kitulo, Kitulo, hapa Kipanga. Tumepita mawingu. Tunaona mlima wenu. Mama mkubwa, upo hapo? Ni mimi, Subi. Tunangoja namba zenu."

Mpaka dakika ile Atuganile alikuwa na haki, na haki ilikuwa imempa nguvu ya kunyanyua shoka. Sasa aliitafuta asiione. Alibaki na mtoto aliyemwogesha kwenye karai, na mume ambaye hakumgusa kwa miaka saba, na usukani mmoja wa chuma.

"Kumi na wawili, mama," Ambakisye alisema kutoka sakafuni. Alisema polepole, kwa adabu yake ileile. "Hawa ni watoto. Hawana kosa. Geuza."

"Wa Korongo nao hawana kosa."

"Ni watatu. Na wamekwisha kuishi."

Atuganile aliyasikia maneno hayo yakimwingia. Yalikuwa ya kweli, na yalikuwa yaleyale yaliyosemwa Mbeya kwa miaka saba na watu waliokunywa soda: wale wamekwisha kwenda, tuwatazame hawa wanaokwenda. Kesho Kipanga angekuwa mzee, kamati yake imekula pilau na kuvunjwa, na kungekuwa na kitenge kingine chenye ndege mwingine, na mtu mwingine angeingia humu na bastola. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na hakuna kamati iliyowahi kuundwa ya kulea. Haya yote aliyafikiri, na yalikuwa mawazo mazuri. Lakini chini yake lilikuwepo lingine ambalo hakutaka kujidanganya nalo: alimtaka Ipyana. Alimtaka aingie mlangoni na harufu yake, akohoe, akae. Hakujua ni lipi kati ya hayo lililomshika mkono, na mpaka leo hajui.

"Atu," Ipyana alisema kwenye redio nyingine. "Nasikia kelele. Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Endelea kufunga."

"Usituache, mke wangu. Tumeshafika mlangoni."

Gwakisa alianza kutambaa. Alijivuta kwa mkono wa kushoto, mguu ukisukuma, shoka lingali limekwama begani na mpini ukiburuzika sakafuni. Hakumtazama Atuganile. Alitazama usukani tu. Atuganile alimwita jina mara moja, akamwita tena, kisha akampiga risasi ya paja. Gwakisa alipiga kelele, akatulia, akaanza kujivuta upya. Atuganile alimwendea akampiga kwa kitako cha bastola kisogoni, mara mbili, kwa nguvu ya mtu anayetwanga, mpaka paji la uso likagonga sakafu naye akakaa kimya.

Alipoinua kichwa aliona mkono wa Ambakisye juu ya usukani.

Alikuwa amejiinua kwa kuegemea ukuta, damu ikimtiririka mpaka kwenye viatu, na vidole vyake vilikuwa vimeshaukamata usukani. Mtu aliyekula naye viazi kwa miaka yote ile. Alikuwa akiuvuta. Nje, juu ya paa, sahani ilianza kuguna, na kwenye kioo mstari wa Korongo ukacheza.

"Ambakisye, acha."

"Sina budi, mama."

"Acha, nakuomba."

Hakuacha, na Atuganile hakumpiga risasi. Alimwendea akavibandua vidole vyake kimoja kimoja kutoka kwenye chuma. Havikuwa na nguvu nyingi, lakini kila alichokibandua kilijaribu kurudi. Cha mwisho alikivunja. Ambakisye alimtazama bila chuki, kama anayemtazama mgeni, akateremka ukutani mara ya pili, na safari hii kichwa kililala upande na hakikuinuka. Atuganile aliurudisha usukani ulipokuwa. Sahani iliguna, ikatulia. Mstari ukanyooka.

"Kitulo, hapa Kipanga," Subilaga alisema. "Injini ya kwanza imezima. Tunangoja namba."

Atuganile alisimama mbele ya redio. Hakuna neno lake ambalo lingemfikia.

"Kitulo, mnatusikia? Tunangoja." Nyuma yake sauti nyingine ziliulizana jambo, ya kiume ikasema watajibu, tulieni. "Mama mkubwa? Labda redio yenu ina shida. Sisi tupo. Tunangoja." Kisha mtu mmoja mle ndani akaanza kusali, na wengine wakamfuata, na Subilaga akaacha kuita akasali nao. Hakumaliza.

Dirishani, mbali upande wa mashariki, anga jeupe la mchana lilipata mkwaruzo wa moto, mkwaruzo ukagawanyika vipande vitatu, na vipande vikazama nyuma ya milima. Mlio ulikuja baadaye. Kwenye redio ya Rukwa tarumbeta moja ilikuwa ingali inapigwa, na mtu akaiambia inyamaze.

Grenda ilikuwa imezima. Kwenye kamera, wale watu wa sare walisimama uani wameinua nyuso, bunduki zikiwa zimewaning'inia. Mmoja alikaa chini kwenye kitalu cha viazi, akajifunika kitenge kichwani. Walikaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyerudi kuugusa mlango.

Gwakisa alikuwa amezinduka. Alilala chali akitazama dari, na kwa jinsi alivyotazama ilijulikana kwamba amesikia yote.

"Nimalize," alisema.

Atuganile aliitazama bastola, akaiweka mezani. Alikaa kwenye kiti chake na kusoma namba zilizobaki, moja baada ya nyingine, machozi yakimdondokea kwenye mikono iliyokuwa na damu za watu wawili, mpaka mstari ukalala na ubongo ukasimama wenyewe.

"Breki imekamilika," Ipyana alisema. Alikuwa analia na kucheka, na nyuma yake wenzake wawili walikuwa wanapiga ngumi kwenye ukuta wa chombo. "Tumeshikwa. Dunia imetushika. Atu, umetuleta."

"Nimewaleta," alisema Atuganile.

"Nilisikia kama sauti ya mwanamume huko kwako. Uko na nani?"

Angeweza kusema yuko peke yake. Lakini hakuwa na uongo uliobaki wa kutosha. "Niko na Gwakisa."

"Gwakisa? Amepanda mpaka huko kunipokea? Mpe, mpe nimsalimie."

Atuganile alichukua kipokezi cha redio, waya ukajinyoosha nyuma yake, akapiga magoti kwenye damu karibu na kichwa cha shemeji yake. Waliangaliana. Gwakisa angeweza kusema chochote, na Atuganile alikuwa tayari kukisikia. Alimwekea kipokezi mdomoni. Gwakisa aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akakishika mwenyewe.

"Kaka," alisema.

"Mdogo wangu. Nikuambie nini sasa. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na binti yetu? Si atakuwa mtu mzima huyo. Subilaga hajambo?"

Gwakisa alikisogeza kipokezi karibu zaidi na mdomo.

"Hajambo, kaka," alisema. "Wote hawajambo."